Ng'ombe wa Zizi Wamewashinda Mazimwi

Benchi letu liko mbele ya duka la ushonaji la Kabula, nyuma ya soko la Bariadi, na asiyelijua basi huyo ni mpita njia. Vijiwe vingine vya mji huu vinabishania mpira na nani kaachwa na nani. Sisi tunapigana na mazimwi. Kila Jumamosi alasiri Kabula anatandika ramani aliyoidarizi mwenyewe kwenye kitambaa cha pamba, yenye milima, mito na mapango. Kila mtu anaweka kifungo cha shati, hicho ndicho shujaa wake. Kabula anasimulia yaliyotokea, sisi tunasema tunafanya nini, na dadu ya mbao inaamua kama tumeweza au tumekwisha. Ukiua zimwi unapata hazina, na kwa hazina unamwongezea shujaa wako nguvu. Kuna siku tulionyeshwa kwenye simu kwamba Wazungu nao wana michezo ya namna hii, wanaiuza kwenye maboksi. Tukasema sawa, wauze. Wetu umeshonwa hapa hapa Bariadi na hauuzwi.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, na tulikuwa tumeitwa kikao cha dharura. Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa Maswa, kijiwe kizima kutoka Nyalikungu, wamesikia sifa zetu wakaomba kuja kucheza. Na mchezo wetu ulikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ni ng'ombe wa Zizi.

Zizi ni Kristofa, anaendesha guta la mizigo hapo sokoni. Zimwi la kwanza kabisa tulipoliua, Kabula alitoa dhahabu. Sisi tukanunua mikuki na ngao kama watu wa mjini. Zizi akagoma. Dhahabu unaikamua? Nipe ng'ombe. Kabula akampa ng'ombe ishirini, akatumia mbegu za pamba, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mvua ya kwanza iliponyesha mchezoni, Zizi akadai ndama. Sasa nani Usukumani humu atasimama mbele ya watu aseme ng'ombe hawazai? Kopo lile leo limejaa mpaka mfuniko unagoma. Jumamosi iliyopita Kabula alituletea zimwi la vichwa saba la vilima vya Ngasamo, kalitunga wiki nzima. Zizi akalitolea ng'ombe kumi, likashukuru, likaenda zake. Dadu hatukuigusa. Kahawa ilikuwa bado ya moto.

Mimi naitwa Athanasi, ila hapa wananiita Nongwa, kisa nasema ukweli. Shujaa wangu ana ngao yenye tundu.

Aliyeanza ni Paschal, fundi simu. Tunamwita Injinia na yeye anaitika.

Injinia: Hii ni hesabu tu. Nguvu za Zizi zimepanda, mazimwi yamebaki pale pale. Tuyapandishe mazimwi.

Mimi: Zimwi la kumtosha Zizi mimi litanikanyaga tu likiwa linapita.

Injinia: Si utajificha.

Mimi: Shujaa anajificha?

Injinia: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Huyo anatafuta kitu mvunguni. Mimi natafutwa.

Akadakia Ndaki wa bodaboda, tunamwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna.

Breki: Jamani tunazunguka nini? Mahakama ndiye aliyewatoa, Mahakama awatwae. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Mahakama ni huyo huyo Kabula, maana akishasema hakuna rufaa. Aliacha kukanyaga cherehani.

Mahakama: Sikiliza, Ndaki. Leo nikimnyang'anya Kristofa kitu alichokipata kwa haki, kesho nikitoa zawadi nani ataniamini? Mchezo huu umesimama kwa neno langu. Labda nilikosea kumpa kinachozaa. Lakini kwa amri yangu hatoki hata ndama mmoja.

Injinia: Na Jumamosi je, mayu, mama yetu?

Mahakama: Ndiyo maana nimewaita. Hii ramani nimeishona mwaka mzima, macho yameuma, wateja wamenuna. Siwezi kuwatoa watu Maswa waje kuona mchezo unaokwisha kwa rushwa ya ng'ombe kumi. Itakuwa aibu yangu na yenu. Tafuteni njia, na iwe ya haki.

Zizi: Haikuwa rushwa. Ni ujirani mwema.

Kabula akamimina kahawa. Kahawa yake anaikaanga mwenyewe, na kashata zake ni za karanga za huku huku, na ukikuta nzuri kuliko hizo mkoa huu niite nishuhudie.

Injinia: Nimepata sheria. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Zizi alipoanza mchezo hakuwa na kitu, alikuwa maskini. Kwa hiyo wale wa kwanza hawakutakiwa kuzaa. Ndama wote ni batili.

Zizi: Mwenye ng'ombe ishirini ni maskini?

Injinia akatuangalia tumsaidie. Hakuna aliyethubutu. Simiyu hii, ukisema mwenye ng'ombe ishirini ni maskini, hata mama yako mzazi atakushangaa.

Breki: Basi aoe. Shujaa wake apate mchumba mrefu, mzuri, mwenye wajomba wengi. Wakwe wa huku unawajua. Mpaka watoke hapo, kopo limebaki na mfuniko.

Zizi: Naoa hata kesho. Halafu nazaa mabinti watupu, na mahari yao yote inarudi kwangu.

Breki: Aoe binti wa zimwi, basi. Baba mkwe zimwi hashibi.

Zizi: Akishakuwa mkwe wangu, nani tena atapigana na nyie?

Hapo hata Mahakama alificha kicheko kwenye kitambaa. Zizi ana majibu, hilo lazima niseme ingawa linaniuma. Injinia akaona heshima yake ya usomi inateleza, akaja na jingine.

Injinia: Ugonjwa. Hii haina lawama kwa mtu. Tunaweka ndigana kali mchezoni. Dadu ikiangukia moja, nusu ya kundi inakufa. Siyo amri ya Mahakama, ni mambo ya asili.

Mimi: Hiyo naiunga mkono.

Zizi alilichukua kopo lake akaliweka mapajani, akalishika kwa mikono miwili.

Zizi: Nyie mnajua kwetu Sapiwi. Mwaka ule wa ukame mzee wangu alikuwa na kundi zuri. Waliisha wote. Yule wa mwisho tulimnyanyua kwa miti, asimame, akalala tena. Baba mpaka anaingia kaburini hakupata hata ndama. Mimi nina guta na chumba cha kupanga. Hawa mnaowaona mbegu, kila mmoja nimempa jina la mmoja wa wale. Mkitaka wafe mara ya pili, sawa, ila mimi natoka kwenye mchezo. Sitagombana na mtu. Nitatoka.

Nilijisikia vibaya sana. Mwaka mzima tunamtania kuhusu kopo lile, anakwenda nalo mpaka nyumbani, sisi tunacheka, na yeye anacheka nasi.

Injinia: Pole, kaka. Ndigana imefutwa.

Mimi: Imefutwa kabisa.

Breki kimya hakiwezi, kinamwasha mwili.

Breki: Ng'ombe wabaki, hakuna kufa. Ila tunaleta pepo linalokula vivuli. Ng'ombe akiliwa kivuli haonekani, na asiyeonekana hawezi kumnunulia mtu kitu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Injinia: Hafifu. Tugeuze mchezo wote. Ng'ombe wawe ndio mashujaa, sisi tuwe hazina. Zimwi likifa, ng'ombe wanagawana watu.

Mimi: Mimi nitagawiwa kwa nani?

Injinia: Ndama.

Mahakama: Na nyie ndio akili ya benchi langu. Birika linaelekea kuisha na hakuna la maana lililosemwa.

Wakati huo bodaboda ikasimama. Akashuka dada mmoja mwenye begi la vitenge, vumbi mpaka kwenye kope, akatusalimia Kisukuma, Kabula akaitikia.

— Mwadila.

— Mwadila, mayu. Karibu kiti.

Akajitambulisha: Gloria, anauza vitenge Nyalikungu, na ndiye kiongozi wa kile kijiwe cha Maswa. Amekuja Bariadi kuchukua mzigo, akaona apite aujue mchezo mapema, wasije kuaibika Jumamosi.

Ungetuona. Breki alifuta benchi kwa shati lake. Injinia akamweleza jinsi dadu ilivyochongwa kwa mninga na kusuguliwa mpaka ikalingana pande zote. Mimi nikamsimulia zimwi la mto Simiyu tulivyolinasa kwa kamba za katani, nikaongeza chumvi kidogo, si sana. Kabula akatandika ramani mezani. Gloria alifuta mikono kwanza kabla hajaigusa, kisha akaufuata mto kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho wa kitambaa.

Gloria: Hii umedarizi kwa mkono?

Mahakama: Yote. Hata majani.

Gloria: Sisi kwetu hatuna kitu cha namna hii. Wabeja sana kwa kunionyesha.

Nilivimba mpaka nikaogopa vifungo. Mtu wa Maswa anakiri mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye benchi letu. Nikaomba kimoyomoyo yaishie hapo, anywe kahawa, aondoke na sifa zetu. Lakini Zizi naye ana fahari zake. Akafunua kopo.

Zizi: Na hawa ni wangu.

Gloria: Wote hawa?

Zizi: Wote. Wamezaliwa mchezoni, hakuna wa kununua.

Akamweleza na habari ya zimwi la vichwa saba lilivyoondoka na ng'ombe kumi. Breki alikohoa, Injinia alikohoa, haikusaidia. Kabula aliangalia chini. Gloria hakucheka. Aliitazama ramani, akaweka kidole kwenye pango kubwa.

Gloria: Humu pangoni mliingia wangapi?

Breki: Wote wanne. Hakuna mwoga hapa.

Gloria: Mkakaa muda gani?

Mahakama: Kwenye hadithi, msimu mzima wa kiangazi.

Gloria: Sasa huo muda wote, ng'ombe alikuwa anawachunga nani?

Breki alinyanyua kikombe, kilikuwa kitupu, akakinywa hivyo hivyo. Wanaume wanne tuliozaliwa na kukulia kwenye ng'ombe, kila mmoja amewahi kuchapwa utotoni kwa kuacha mifugo iingie shamba la pamba la mtu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyekumbuka kuuliza. Tulihesabu ndama tu.

Gloria: Nauliza tu. Sisi kule tungeanza na hilo.

Mimi: Mahakama, sema kitu.

Mahakama: Sitoi hukumu. Ng'ombe wana mwenyewe.

Zizi aliinamia kopo lake. Tulidhani amekasirika, kumbe anafikiri.

Zizi: Nikibaki nao, siendi pangoni, na nyie bila mimi mtaliwa. Nikienda, wanaliwa wao.

Injinia: Ndiyo hivyo, kaka.

Zizi: Baba aliwaweka wote boma moja. Watu walimwambia, mzee, bilisa. Peleka wengine wakakae kwa rafiki zako Meatu, wengine Itilima. Rafiki anatunza, anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako, na mvua ikikosekana hapa, huko ipo. Akakataa. Alisema ng'ombe wangu nataka niwaone kwa macho yangu kila asubuhi. Ukame ukawakuta wote mahali pamoja.

Akainua uso, akamgeukia Kabula.

Zizi: Mahakama, mwenye maziwa nyumbani kwake anaongezeka nguvu?

Mahakama: Anaongezeka. Mtu anayekunywa maziwa hawezi kulingana na asiyekunywa.

Zizi: Na aliyebilisa, bado anaweza kulinunua zimwi?

Mahakama: Kwa ng'ombe walio kwa watu? Mpaka azunguke kwa kila mmoja akaombe. Zimwi halitamsubiri.

Zizi alicheka, akachota mbegu akampa Injinia, akachota akampa Breki, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale: maziwa yako, samadi yako, akizaa niletee habari, akifa niletee ngozi. Nilikuwa nahesabu moyoni kopo linavyoshuka, na kwa mara ya kwanza sikufurahi kuliona linashuka. Kabula alikuwa analengwa na machozi na hakuyaficha. Jumamosi alikuwa na mchezo wa kuwaonyesha watu, tena mbele ya mtu wao.

Halafu Zizi akanigeukia mimi.

Zizi: Nongwa, lete mikono.

Mimi: Yote miwili?

Zizi: Ng'ombe wanapokewa kwa mkono mmoja?

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, lakini nilisimama, na Gloria naye nikamwona anasimama. Zizi akaniwekea mbegu viganjani, chache kuliko za wenzangu, na ya mwisho aliishika kwanza kwa vidole akaitazama.

Zizi: Huyu ni jike mwekundu, wote wale ni wanawe na wajukuu. Ana desturi ya kutangulia mbele. Mzee alikuwa hamzuii.

Miaka yote kwenye benchi hili sijawahi kukosa la kupinga. Nilitafuta, sikuliona. Nikavifunga viganja vyangu polepole, nikamuuliza maji huwa ananyweshwa wapi.