Kahawa Iliyoachwa Mlimani

Ndani ya lori la kwenda Songea, Mama Hilaria wa Matiri alimgeukia askari polisi aliyeketi kando yangu. "Afande, magunia yangu ya kahawa mmeyapandisha mlimani kwa mazoezi yenu mkayaacha. Nani atayashusha? Ushirika unafunga kununua Jumamosi."

"Tulikuwa tunajenga misuli, mama. Kushusha hakujengi kifua."

"Basi hicho kifua ndicho kingenyeshewa na mvua huko juu, si kahawa yangu." Nikawaza: mkoloni alitubebesha mizigo yake. Huyu askari kabeba yetu mwenyewe, na bado tumeumia.

"Waone mgambo," askari akashauri kwa upole. "Zoezi la kushuka mlima ni lao."

"Watashuka na magunia?"

Lori likasimama Kigonsera. "Hapana, mama," akajibu akiruka chini. "Wao hushuka mikono mitupu."