Oili Niliyowajazia Watu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Athumani funga huo mlango wa uani, maana pumzi yangu ni kidogo na sitaki kurudia neno. Mama yenu Arafa ameniwekea mito mitatu mgongoni, nimeswali alasiri kwa kukaa, akili yangu ni timamu na ninyi nyote ni mashahidi. Najat, kaa hapa miguuni pangu. Najua umekuja kwa ajili ya mama yako, wala sikulaumu, lakini leo mwenye shida na wewe ni mimi baba yako, na nitasema mpaka nimalize hata kama kuna atakayekasirika humu ndani.

Mali kwanza, nayo haina maneno mengi. Nyumba hii, kile kiwanja cha gereji nyuma ya uwanja wa mpira, mashine ya upepo, jeki zote na ile pikapu, vyote vitagawanywa kwa sheria ya mirathi. Sheikh Abdulrahman amenikumbusha kwamba mrithi hausiwi, kila mmoja fungu lake limeshapangwa na Mungu, na mimi siongezi wala sipunguzi. Kinachobaki ni nani atakuwa fundi mkuu pale, yule ambaye boneti ikifunguliwa neno lake ndilo la mwisho. Hilo halimo kwenye mafungu. Naliomba kwa ridhaa yenu, na zaidi yako wewe Athumani, kwa sababu Kaloleni nzima inajua ni wewe, na mimi namtaka Najat.

Usinyanyuke. Nisikilize kwanza, utasema baadaye.

Mnakumbuka Eliamini, yule dereva teksi Mmeru wa Maji ya Chai. Miaka sita iliyopita alileta kigari chake cha Kijapani, akalalamika kwamba tangu aanze kufanya sevisi kwetu kinakunywa petroli kuliko siku alipokinunua. Najat alikuwa ametoka chuo cha ufundi mwaka huohuo. Akafungua kifuniko cha oili, akasoma namba zilizochongwa juu yake, akamwambia yule mtu waziwazi kwamba gari hili linataka oili nyepesi na baba anakujazia nzito, ndiyo maana injini inahangaika na mafuta yanakwenda. Alisema kwa adabu. Mimi nikasikia kama nimezabwa kibao mbele ya wateja. Nikamwambia kwamba yeye amesoma kifuniko, mimi nimesoma injini miaka arobaini, avue ovaroli hapohapo aende akamsaidie mama yake jikoni. Walikuwepo wanaume saba. Wewe Athumani ulicheka. Mwanangu akavua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akachukua spana zake na kwenda Sekei kwenye gereji ya Loserian, na mpaka leo mtu wa kando ndiye anayefaidi mikono niliyoifundisha mimi.

Sasa nitawaambia jambo ambalo hata mama yenu halijui. Arafa, unakumbuka zile wiki nilizokuwa nakuletea ndizi kutoka Maji ya Chai kila siku, mpaka ukawa unawagawia majirani na kuniuliza kama nimeoa huko? Sikuwa nafuata ndizi. Nilikuwa napima. Ile gari ndogo nyeupe tuliyokuwa nayo wakati ule niliijaza petroli mpaka shingoni, pampu ileile, upepo wa matairi nikausawazisha, nikawa natoka baada ya alfajiri kabla malori hayajajaa barabarani, nakwenda na kurudi, siku tano, na oili yangu nzito ndani. Siku ya tano nikajaza tena mpaka shingoni na kuandika lita zilizoingia. Kisha nikamwaga oili, nikatia nyepesi kama kifuniko kinavyotaka, nikarudia zilezile siku tano, njia ileile, mwendo uleule.

Nilitaka sana nisione tofauti. Nilimwomba Mungu kabisa, nasema ukweli wangu. Lakini kwenye lita kumi na sita, oili nyepesi iliokoa nusu lita na zaidi kidogo. Nikasema labda nimekosea, nikarudia mwezi wa Julai, baridi ya Meru ikiwa imeshuka mpaka mjini, na ile tofauti ikaongezeka, kwa sababu asubuhi ya baridi oili nzito inakuwa kama uji uliolala, na injini inatumia nguvu yake kuusukuma huo uji kabla haijalisukuma gari. Nusu lita si kitu cha kumfanya mtu tajiri. Lakini Eliamini anaendesha kila siku ya Mungu, na petroli anaijaza yeye, mimi simjazii.

Mnajua nilifanya nini? Nikamwaga ile nyepesi, nikarudisha nzito, nikafunga boneti. Binti yangu alikuwa sahihi, nilishajua, na bado nikamwacha Sekei miaka yote hii kwa sababu nilishindwa kuvuka hatua chache niingie kwa Loserian niseme. Niliona haya. Kila sikukuu ulikuja, Najat, ukanipa shikamoo, nami nikaitikia huku nimetazama pembeni, ukadhani bado nina hasira. Sikuwa na hasira. Naomba unisamehe, na kama leo huwezi, usinidanganye kwa sababu naumwa.

Nipe maji, Zakia, kitinda mimba wangu. Kidogo tu.

Msije mkasema nilikuwa mjinga tangu mwanzo, hilo sikubali hata nikiwa kitandani. Marehemu Mzee Ndesanjo alinifundisha kazi kwenye malori yaliyokuwa yamechoka, pistoni zimelika, vipuri havipatikani, na kule oili nzito ilikuwa sawasawa, ilipunguza moshi na kutuliza kelele mpaka gari likafika Moshi na kurudi. Kosa langu ni kuchukua dawa ya mzee mgonjwa na kumnywesha kila mtoto aliyeletwa mlangoni. Kwa hiyo na wewe Najat usijivune. Ile pikapu niliijaribu pia kwa oili nyepesi, na kabla sijafika Tengeru taa nyekundu ikawaka, presha ya oili imeshuka. Lori la zamani la mzee Loishiye usiliguse kwa oili ya kigari cha teksi, utaliua. Soma kifuniko, soma kitabu cha gari, halafu sikiliza hiyo injini imefika umri gani, na mteja akikuambia mafuta yanakwisha, mwamini kwanza.

Athumani, mwanangu wa kwanza. Juzi nilipokudokeza ulisema tukikiri hili watu watauliza tumewafanya nini miaka yote, na gereji itakufa. Watauliza, ndiyo. Waulize. Mimi sitaki gereji inayoishi kwa kumficha dada yako. Wewe hakuna anayekufikia kwenye breki na bodi, na hilo nimelisema misikitini na vijiweni, lakini kwenye injini huwa unafanya nilichofanya mimi bila kuuliza kwa nini, na mimi nimeshakuambia nilichofanya. Siamuru. Ukikataa, gereji itabaki kama ilivyo na mimi nitakufa nimeshindwa. Ukikubali, mwambie yeye, si mimi.

Sema kwa sauti, sikio langu la kushoto limekufa.

Rudia.

Haya. Mungu akuweke, Athumani. Usilie, umefanya kitu ambacho baba yako alishindwa miaka sita. Mshike mkono dada yako. Jumatatu mtafungua pamoja, na mteja wa kwanza akishangaa, wewe ndiye utakayemjibu, ili yeye asihitaji kujitetea tena.

Zakia, wewe ndiye unayeendesha lile grupu la wateja kwenye simu. Lete hapa. Bonyeza hicho cha sauti... kinarekodi? Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ni mimi Khalfani, fundi wa Kaloleni. Nimewajazia oili nzito magari mengi yasiyoitaka, na yamekula petroli yenu kuliko ilivyostahili. Binti yangu Najat aliwaambia ukweli, nikamfukuza mbele yenu. Aliyekosea ni mimi. Mnisamehe. Basi, tuma.

Tuma, nimesema. Msipeane macho. Nataka wanitukane nikiwa hai.

Arafa, mke wangu, nimekuchosha. Nizikeni makaburi ya Njiro... hapana, nizikeni hapahapa karibu, pale alipolala mama yangu, bila gharama, na watu watakaokuja kwenye msiba wasikae siku nyingi, wana kazi zao. Zakia umalize masomo. Athumani usimwache mama yako alale peke yake. Najat... rudi nyumbani. Mungu awape riziki ya halali na mikono yenye afya, awaweke pamoja msigombane juu yangu, na watoto wenu wawaambie mapema mkikosea, na ninyi muwasikie.

Niinue kidogo. Hapo.

Ujumbe umeingia. Nani? ... Eliamini? Soma, Zakia, soma hata kama ni matusi.

Ndiyo hivyo tu? Anauliza alete gari lini... na atie oili gani.

Mwandikie... Mwandikie asiniulize mimi. Amuulize fundi. Yupo hapa... amekaa miguuni pangu.