Safari ya Mzee Stanislas

Katungu alipanda basi pale Beni pamoja na baba yake, Mzee Stanislas. Alikuwa anampeleka Butembo, kwa masista wanaotunza wazee, kwa sababu biashara yake ilimfanya amwache peke yake mchana kutwa. Lakini mzee alijua tu kwamba wanakwenda kusalimia. Alikaa karibu na dirisha, amefumba macho.

Mbele yao, mwalimu aliyetumwa na serikali kutoka Kananga alikuwa akizungumza na mama mmoja.

"Mama yangu niliweka kwa masista, kule kwetu," alisema. "Anakulaka muzuri. Mais lakini kila nikimupigia simu ananiuliza: nimeshapona, utakuya kunichukula siku gani? Na hakukuwe mugonjwa."

"Mimi mama yangu nilibakisha naye ku nyumba," mama akajibu. "Nikienda kuuzisha Kasindi, nilikuwa nafunga mulango, juu ya kumuzuia asipotee. Siku moja nilimukuta chini, nyuma ya mulango. Alishakufa. Donc, ni kusema, afazali masista, mwalimu."

"Hapana, mama. Afazali wako, alikufia ku nyumba."

Kila mmoja alitamani kosa la mwenzake, na hakuna aliyekubali kwamba lake ndilo lililokuwa dogo. Katungu aliangalia miguu yake.

Basi likasimama Butembo, wale wawili wakashuka huku wakibishana. Mzee Stanislas akafumbua macho, akachukua mfuko wake wa nguo.

"Twende, mutoto yangu," alisema polepole. "Sikukuwe nalala."

Akasimama. Katungu ndiye aliyeshindwa kuinuka.