Bonface Mokua Afungua Mdomo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuigiza, michache jukwaani na mingi vumbini, Bonface Mokua wa Kikundi cha Maigizo cha Nyota Pacha anastaafu leo, tarehe 28 Novemba 2025. Magoti yake yalistaafu mwaka juzi.

Bonface alitoka Kisii akiwa kijana mwenye sauti nzuri na Kijaluo cha kubahatisha. Katika onyesho lake la kwanza, sokoni Rodi Kopany, alipaswa kuingia akilia kwamba njaa imefika kijijini. Njaa kwa Kijaluo ni kech. Yeye akasema kich, yaani nyuki. Watazamaji hawakungoja kuuona mzinga. Walitimua mbio, na onyesho likaishia hapo. Mkurugenzi wetu akamwamuru afunge mdomo na aigize kwa mikono. Amri hiyo haijafutwa hadi leo.

Tangu siku hiyo amepanda ngazi zisizokuwepo na kuvuta nyavu zisizoonekana, kuanzia kisiwa cha Takawiri hadi Osiri, ambako wachimba dhahabu walilia alipoigiza mwenzao aliyefukiwa shimoni. Kila alipomaliza, ilibidi ainuliwe. Mimi niliyempigia ngoma tu nimechoka. Yeye sijui tuseme nini.

Kimya hicho kilimponza kwa Ruqia, muuza chai wa Rodi. Ruqia alimchukulia kuwa bubu wa kweli, akawa anamwekea andazi la ziada kila siku ya soko. Bonface aliona haya kumsahihisha. Akanyamaza mwaka wa kwanza, akanyamaza wa pili, mwishowe ikawa kumi na tisa. Aliniambia hawezi kustaafu na uongo huo, ila anaogopa kulipoteza benchi la Ruqia, mahali pekee alipowahi kupumzika.

Wiki iliyopita tulikwenda pamoja. Alikohoa, akamshukuru Ruqia kwa chai, sauti ikikwaruza kama mlango wa stoo. Ruqia hakuacha kumimina.

"Nilijua, kaka," alisema. "Ule mwaka wa pili ulilala hapa kwa benchi, ukaongea usingizini. Nikasema, mtu amechoka hivi, wacha apumzishe mdomo."

Bonface akakaa. Machozi yalimtoka bila kuigiza.

Asante, ndugu yetu. Nenda ukapumzike, magoti yapone, na siku zako ziwe njema. Ukitaka kuongea, ongea tu, nyuki walishaondoka.

Joyline Gesare, mpiga ngoma