Bibi Anavuja

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi. Mguu wake mmoja ni tofali, na anayekaa upande huo sharti awe na adabu, maana akicheka sana tunaanguka wote. Mbele ya benchi ndipo anapolala Bibi, pikapu ya Shemeji, mkongwe kuliko madereva wote wa mtaa huu. Shemeji ni shemeji yetu sote kwa sababu kaoa hapa mtaani, na kwake hakuna pa kuegesha, basi sisi ndio walinzi. Hata kopo lake la oili hukaa chini ya benchi, jirani na ndoo ya kusuuzia vikombe. Jioni hiyo Shemeji alikataa kukaa. Alisimama akilitazama doa jeusi chini ya injini. Mwenye bekari alikuwa amemwahidi kazi ya kusambaza mikate kwa sharti moja: gari linalodondosha oili halikanyagi ua wake. Na alikuwa anakuja mwenyewe kulikagua kabla jua halijazama.

Shemeji: Asubuhi lilikuwa sahani. Sasa ni sinia.

Daktari: Tulia. Dalili ya mvua ni mawingu.

Shemeji: Mvua gani tena? Imeshanyesha, haya ndiyo matope.

Daktari ni kinyozi. Jina kajipa mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kusikia ugonjwa asioujua. Aliingiza kichwa chini ya boneti, akanusa, akarudi na hukumu.

Daktari: Uzee huo. Sili za mpira zimekauka, zimekunjamana kama shingo za wateja wangu. Ningekuwa wewe ningekanda kipande cha sabuni nikapachika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Soli: Sabuni kwenye injini? Unataka ifue nguo?

Soli ni fundi viatu. Kila tatizo duniani yeye analipimia mguu kwanza.

Soli: Hiyo ni gasketi ya chini, inayobanwa na sampo, lile bakuli la oili. Nina soli ya buti hapa, haijawahi kupitisha maji. Naikata kwa umbo, napachika, kwisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Shemeji: Samaki huyu alikauka zamani.

Soli: Ndiyo maana nasema tuwahi.

Birika: Nyote mnamtazama Bibi, hakuna anayetazama barabara.

Huyo ni muuza kahawa wetu. Alikuwa anamimina huku akinyooshea kidole lami.

Birika: Hapa pana mteremko. Bibi kainamisha pua, oili inakimbilia puani. Mgeuzeni atazame kilimani, itarudi yenyewe.

Daktari: Halafu itokee nyuma.

Birika: Huko nyuma nani ataiona?

Tulicheka, isipokuwa Shemeji.

Shemeji: Ndugu zangu, mimi leo sina mzaha. Dada yenu kashasema. Nikiikosa kazi hii, Bibi anauzwa kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu keshaitwa.

Vikombe vilisimama hewani. Bibi ndiye aliyemhamisha Soli, ndiye aliyempeleka mke wa Daktari kujifungua huku tukisukuma kila makutano. Kumuuza kwa kilo ni kumuuza mtu wa nyumbani, na iliniuma kweli.

Soli: Sasa nimeelewa. Hiyo si oili, ni jasho. Kamsikia yule mnunuzi akiuliza bei. Wewe ukisikia unapimwa kwenye mizani, hutoki jasho?

Birika: Mimi naona zaidi ya hapo. Oili ilitoka wapi? Ardhini. Sasa inarudi kwao. Hata wewe ukikaa ugenini, hukumbuki kwenu?

Daktari: Basi dawa ni moja tu, kumwongezea pole pole. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la ajabu, hoja hiyo haikupingwa na mtu. Kila mmoja alikuta kikombe chake kina kitu cha kutazama.

Ndipo mama mwenye bekari akafika kwa miguu, unga ungali kwenye viwiko. Tulisimama kumsalimu. Alikataa kahawa, akalizunguka doa asilikanyage.

Mama: Hili doa ni la gari hili?

Shemeji: Ni lake, mama. Sikufichi.

Mama: Na nyinyi mmeona nini?

Tukamweleza yote: sabuni, soli, mteremko, jasho, kurudi kwao. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

Mama: Sawa. Kijiti kinasemaje?

Daktari: Kijiti kipi?

Mama: Cha kupimia oili. Mara ya mwisho kapima nani?

Benchi zima likamtazama Shemeji, Shemeji akalitazama benchi. Mama alikichomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena.

Mama: Alama ya juu hii hapa. Oili hii hapa, imepita kabisa. Na tazama, ina vipovu. Injini imeshiba hadi kooni. Mtaimbo unaozunguka humo ndani unaichapa oili hiyo, inavimba, inatafuta pa kutokea. Gari langu la kwanza nililifanyia hivihivi, likanitapikia uani. Nani kaongeza?

Birika ndiye aliyeanza.

Birika: Mimi leo nilimtilia kidogo, nilipokuwa nasuuza vikombe. Doa lilinihuzunisha.

Soli: Mimi jana. Na leo pia.

Daktari: Mimi humpa dozi ya asubuhi.

Shemeji: Nami kila nikirudi. Jamani.

Mama akanigeukia mimi. Nikasema changu kilikuwa kifuniko cha chupa tu, na hakuna aliyeniamini.

Soli: Daktari, kibaba kimejaa.

Shemeji aliingia uvunguni na spana, oili ikashuka kwenye ndoo ya Birika, na Birika akaiaga ndoo yake. Mama alisimamia kijiti mpaka oili ikarudi kwenye alama. Kisha akaonyesha bolti mbili zilizolegea kwenye kifuniko cha juu cha injini, akasema zikazwe taratibu, na injini ifutwe yote ili kama kuna tundu jingine lijionyeshe. Daktari alitoa boksi tupu la dukani mwake, tukalitandaza chini. Bibi akawashwa. Wote tuliinama na vichwa vyetu uvunguni, hata mpita njia mmoja akauliza kama tumepoteza funguo.

Kahawa ilipoa. Boksi likabaki kavu.

Shemeji: Mama, halidondoshi.

Mama: Bado. Boksi lilale hapa hadi alfajiri. Likiwa kavu, njoo upakie mikate. Likilowa, njoo vilevile tutafute tundu, na hawa ndugu zako waje kupiga deki.

Soli: Basi tumpe kidogo tu, kwa ajili ya safari ya kesho.

Mkono wake ulikuwa umeshafika chini ya benchi. Mama akainama, akalichukua kopo, akakwapua na kile kitambaa cha kufutia kijiti, akaondoka navyo bila kuaga. Tulimtazama hadi akakata kona.

Ndipo Shemeji akakaa, kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Alikaa upande wa tofali, akaanza kucheka, na benchi likatumwaga wote chini.