Maisha ya Kang, Mama wa Mfalme, Tuliyemjua kama Bibi Meng

Ndugu waombolezaji, poleni, na mtuwie radhi. Wasifu huu umeandikwa na watu ambao bado wameshika vichwa. Mimi ninayeusoma ni binti wa Su, mdogo wake marehemu, na hadi mwezi wa tatu mwaka huu sikujua kama mama yangu ana dada. Huyu tuliyekuja kumzika, sote tulimjua kama Bibi Meng, mama wa Mfalme. Siye Meng, jamani. Ruhusa tumepewa kumtaja leo kwa jina alilopewa na mama yake, nasi tutalitaja.

Marehemu Kang alizaliwa siku ya sita ya mwezi wa tisa, mwaka wa pili wa enzi ya babu yake Mfalme, katika kijiji cha Dongliu, ng'ambo ya mto Wei. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yao baadaye alichukuliwa kwenda kujenga ukuta wa kaskazini, asirudi yeye wala mifupa yake. Mwaka aliozaliwa marehemu, nzige walimaliza mashamba, na bibi yetu, mama yao, aliilea ile mimba kwa kula pumba. Ndiyo maana akamwita mtoto Kang, yaani pumba. Majirani walipocheka aliwaambia, "Chekeni tu. Hiyo pumba ndiyo iliyotuweka hai."

Shule hakuiona. Bibi yetu alikuwa akiwachemshia matajiri vifuko vya viwavi wa hariri, na Kang, akiwa na miaka mitano, alishazoea kutia mkono kwenye maji ya moto kutafuta ncha ya uzi. Kusoma alijifunzia kwenye vibao vinavyofungwa kwenye marobota ya hariri. Siku moja alichora kwa mkaa ukutani, akamwuliza mdogo wake, "Hii nini?"

"Nyumba," akajibu Su.

"Nyumba kichwa chako! Hii ni 'hariri mbovu'. Uijue, wasije wakakupunja."

Kazi ya ikulu aliingia kwa udanganyifu, na hapa ndipo sisi tulipoishiwa na pumzi. Mnajua kila mwezi wa nane maofisa hupita kuchagua mabinti wa koo bora. Ukoo wa Meng ulikuwa na binti mmoja, Rou, na haukutaka kumtoa, kwa kuwa akishapita lile lango wazazi hawamwoni tena. Wakampelekea bibi yetu magunia mawili ya mtama. Kang, mwenye miaka kumi na minne, akaandikishwa kama Meng Rou, na Rou mwenyewe akafichwa kwa jina la kuazima. Kuudanganya ufalme adhabu yake ni shingo, hadi za watoto na wajukuu. Siku ya kuondoka bibi yetu alianza kulia, Kang akamzuia: "Mama, nyamaza. Watakuuliza unamlilia nani."

Alipangiwa chumba cha kufumia. Siku moja Mfalme wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alipita na kukisifia kitambaa, na kila mtu akakisifia pia. Kang akasema kimepungua shubiri mbili na anayepunguza ni msimamizi. Watu walijiziba midomo. Mfalme akapima mwenyewe, akakuta kweli, akacheka hadi akakaa chini. Walioana siku ya tatu ya mwezi wa tano, mwaka wa sita wa enzi yake, wakajaliwa mwana mmoja. Mwana huyo alirithi kiti akiwa na miaka kumi na mmoja, na kwa miaka tisa mama yake alikaa nyuma ya pazia akitoa amri kwa niaba yake. Amri ya kwanza ilikuwa mwanamume asichukuliwe kujenga ukuta msimu wa kulima. Mawaziri waliomdharau walijifunza adabu.

Kuna siku moja ambayo mama yetu Su aliificha moyoni miaka ishirini. Kila masika mke wa Mfalme hutumbukiza mkono mara tatu kwenye sufuria ya vifuko, na maji huandaliwa ya uvuguvugu, maana wakubwa hawajazoea. Mwaka ule sufuria ilikuwa inachemka, na kibarua aliyeletwa kuikoleza moto alikuwa Su. Kang akatia mkono, akatoka na ncha ya uzi. Wapambe wakapiga yowe. Yeye, bila kuinua macho, akasema, "Wee mama, maji yako yamepoa. Ongeza kuni."

"Kuni zimelowa, Mtukufu," Su akajibu. "Tangu mama yetu afariki, hakuna wa kuzianika."

Marehemu akatumbukiza mkono mara ya nne, na desturi ni tatu. Hawakuonana tena.

Hakuugua. Siku ya kumi na nne ya mwezi wa tatu mwaka huu alikunywa uji asubuhi, akalalamika kifua, na kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mpiga mbiu akapanda paani na vazi la marehemu, akaelekea kaskazini, kuiita roho mara tatu kama ipasavyo. "Meng Rou, rudi!"

Su alikuwa uani, ameitwa tena kibarua cha masika, kwenye sufuria zile zile. Wanamwita mtu mwingine, tena aliye hai! Roho haigeuki kwa jina la mwenzake. Akinyamaza, dada yake atatangatanga milele. Akisema, tunakufa yeye, mimi, kaka yangu na wanangu wanne.

"Meng Rou, rudi!"

Ya tatu haikutoka. Su alipiga kelele: "Siye huyo! Mwiteni Kang! Kang wa Dongliu, dada yangu!"

"Ana wazimu huyu," akasema Mzee Xiahou, mkuu wa ibada. "Mfungeni!"

Kamba ilishamfika mikononi, mara bibi mmoja akawaponyoka walinzi wa lango, akaingia mbio, miguu mitupu, anahema. "Mwambieni aache kuniita! Mimi mzima! Nina wajukuu saba, sitaki kuingizwa kwenye maiti ya mtu!"

Salale! Alikuwa Meng Rou, aliyekuwa amejificha miaka arobaini na saba, nyumba ya tatu kutoka ukuta wa ikulu.

Mzee Xiahou akakumbusha kwamba sheria ni shingo. Mfalme, uso umempauka, alimwuliza Su neno moja: "Umesema anaitwa nani?" Akajibiwa. "Basi aitwe."

Mpiga mbiu akagoma, kwani mtumishi hawezi kumwita mama wa Mfalme pumba. Mfalme naye ni mwana, halitamki jina la mzazi. Akapanda Su, na miaka yake hamsini na minane, nguo zimejaa masizi, akaita mara tatu. Dada yake hakuamka, lakini alifunikwa kwa vazi lililomwita yeye. Mfalme akashika ngazi, akasema, "Mama mdogo, shuka polepole." Hapo ndipo tulipojua hatutakufa.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Mfalme, wajukuu watano, mdogo wake, Su, na sisi wawili, watoto wa Su. Bibi Meng Rou ameomba naye aandikwe, nasi hatukujua tumwandike kama nani.

Jana Mzee Xiahou alikuja kwetu amefurahi. Kwa kuwa sasa jina linajulikana, alisema, limepewa heshima ya majina makuu: kaburi likishafunikwa, halitatamkwa wala kuandikwa popote katika dola. Hata pumba sokoni itaitwa ganda la mtama, na atakayekosea ni viboko.

"Niliweka rehani shingo za wanangu ili aitwe," mama yetu akamwambia. "Leo unaniambia hakuna atakayemwita?"

"Hakuna, mama. Milele. Hakuna heshima iliyozidi hiyo."

Tangu hapo hajasema neno. Mfalme ameamuru wachimbaji wasishike majembe hadi mama yetu atakapokuwa tayari.

Lala pema, Mama Mkubwa. Na wewe, mama, sogea hapa mbele. Kaburi bado liko wazi. Mwite.