Shairi la Mwanamke Mikononi mwa Fundi Siraji

Kijiwe cha kona ya Mvara, pale njia ya shuleni inapoiacha barabara kubwa, kina benchi moja refu, jiko la Mindra muuza kahawa, na watu ambao kazi zao haziwezi kuanza mpaka kahawa ya tangawizi ishuke kifuani. Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Lilipovunjika mguu lilitupwa, likaokotwa, likawekewa tofali. Fundi Siraji hukaa upande wa tofali. Cherehani yake iko hatua tano nyuma, kwa hiyo akiketi pale huwaona wateja wakija na hupata nafasi ya kujifanya hakuwaona. Wenzake wamempa jina la Sentimita, kwa sababu hata salamu yako ataipima kabla ya kuitikia. Alhamisi hiyo alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanywa kikombe kizima bila neno. Kijiwe kikamtazama, maana Sentimita si mtu wa kunyamaza bure.

— Nani amekufa? aliuliza Onzima.

Huyu Onzima ni wa bodaboda, lakini hapa anaitwa Wakili. Aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa ng'ombe aliyekula muhogo wa jirani, kesi ikaahirishwa kabla hajafungua mdomo, na tangu siku hiyo hakuna sheria asiyoijua.

— Hapana mutu amekufa, alisema Siraji. Ni Faridah. Ameniingiza kwa mambo ya mashairi.

Ikabidi aeleze. Faridah, binti yake wa kwanza, na wenzake walikuwa wameandaa mkutano wa mashairi Koboko, Jumamosi mchana. Waalikwa ni Walugbara, Wakakwa, Wanubi, Wakongo, watu wa Sudani Kusini walioko kwenye kambi ya wakimbizi. Kila mwenye neno moyoni. Unaandika shairi lako la kujieleza wewe ni nani, huandiki jina, unalitia sandukuni. Hadi hapo hakuna ubaya. Balaa ni kwamba husomi la kwako. Unaokota la mwenzio siku chache kabla, siku ikifika unasimama mbele ya watu, unalisoma kama lako, na huruhusiwi kugeuza neno. Palipoandikwa "mimi", unasema "mimi".

— Faridah anasema ukivaa neno la mwenzio ndipo utajua linabana wapi, alisema Siraji. Nikaona ni maneno ya ufundi, nikakubali. Nilijua nitaokota shairi la vita, ama la ng'ombe.

— Na umeokota la nini?

— La mwanamke.

Aliga alipaliwa na kahawa, akakohoa. Aliga hutengeneza redio na huimba besi kanisani, ndiyo maana wanamwita Kwaya, na kikohozi chake kilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

— Soma tusikie, alisema alipopata pumzi.

Siraji alitazama barabara kushoto na kulia, kama mtu anayevuka, akakunjua karatasi, akasoma chini chini:

*Mimi ni mwanamke wa lugha nne, na katika zote nne nimejua kusema ndiyo.*
*Kwa baba niliitwa wa kuondoka, kwa mume nikaitwa wa kuja.*
*Jina langu liko kwenye kitambulisho, kitambulisho kiko sandukuni, sanduku liko chini ya kitanda, na kitandani analala mtu anayeniita Wewe.*
*Sijapotea. Niko hapa hapa. Ni kwamba sijaulizwa.*

Onzima alifungua mdomo kucheka, akaufunga.

— Huyo mama anajua kusema, alisema Mindra, akaendelea kupepea jiko.

— Anajua, alisema Siraji. Shida ni mimi. Ukumbi utajaa shemeji zangu, ndugu wa mke wangu wote wako Koboko. Nisimame mbele yao na ndevu hizi niseme "mimi ni mwanamke"? Saa kumi Faridah anapita hapa kuchukua jibu. Nikikataa, hakuna muda wa kutafuta mwingine, karatasi inarudi sandukuni haisomwi. Na mwenye shairi atakuwa amekaa pale ukumbini. Atasikia mashairi ya wote, lake hapana.

Siraji alikuwa ameshona nguo za watu miaka yote, na anajua uso wa mteja aliyekuja siku ya sikukuu akaambiwa yake haijaisha. Aliona aibu kwa ndevu zake, akaona aibu kwa mwanamke asiyemjua, na hakujua ipi ni kubwa.

— Ngoja, alisema Onzima. Hii kitu iko na sheria. Mutu akisema jambo kwa maiki, mbele ya mashahidi mia mbili, hiyo ni kiapo.

— Kiapo cha nini?

— Cha kuwa mwanamke. Kesho kukiwa na kikao cha kugawa shamba la baba yako, mutu anasimama: huyu alikubali kwa mdomo wake, Jumamosi, Koboko, hana fungu. Utasema nini?

— Nitasema lilikuwa shairi.

— Sheria hapana jua shairi.

— Basi na wewe Kwaya, alisema Mindra, kila Jumapili unaimba kwamba wewe ni kondoo. Nani amekuja kukuchinja?

Aliga alifikiri sana juu ya jambo hilo. Kisha akaamua kwamba swali kubwa si Siraji atakuwa nani, bali mwenye shairi ni nani. Akijulikana, anaweza kuombwa abadilishe neno moja tu, aandike "mtu" badala ya "mwanamke", na mambo yaishe.

— Huyu ni wa kambini, alisema. Angalia hilo sanduku chini ya kitanda. Mtu aliyekimbia vita haweki vitu vyake mbali. Huyu hata akilala anasikiliza bunduki.

— Hapana, Mukongo huyu, alisema Onzima. Lugha nne: Kilingala, Kiswahili, Kifaransa, na Kilugbara cha kununulia samaki. Mwanamke wa hapa atapata wapi lugha nne?

— Wewe mwenyewe unazungumza ngapi? aliuliza Mindra.

Onzima akahesabu kwa vidole, akafika tano, akaficha mkono.

— Mimi niko na pikipiki, alisema. Natembea.

— Na kwa nini anaficha kitambulisho? aliendelea Aliga, sasa amepata moto. Lugha nne, jina limefichwa, mume hamjui jina. Hapana, hiyo si ndoa. Hiyo ni kazi ya upelelezi. Huyu mama ametumwa na serikali fulani, ameolewa hapa mpakani, anasubiri tu.

— Anasubiri nini?

— Hiyo ndiyo siri.

— Sentimita, alisema Onzima kwa sauti ya chini, usiende. Utakuwa umesoma ripoti ya jasusi kwa maiki.

Kichwa cha Siraji kilimzunguka. Alikuja na swali moja, sasa alikuwa na kesi ya shamba, kondoo, na vita vya mpakani. Alimtazama Mindra. Mindra alimmiminia kahawa, akasema hajui siasa, ila tangu asubuhi amesikia watu watatu wakimzungumzia mwanamke, na hakuna hata mmoja aliyerudia alichosema mwanamke huyo.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja mwenye mkoba wa madaftari. Alijitaja, mwalimu Alice, anafundisha shule ya Ludara. Gari lake la kwenda Koboko lilikuwa linabadilishwa gurudumu ng'ambo ya barabara. Aliomba kahawa, akaomba nafasi, akasikiliza ripoti ya jasusi mpaka mwisho bila kutabasamu. Kisha akanyoosha mkono.

— Samahani, mzee wangu. Naomba niione hiyo karatasi.

Siraji alimpa. Mwalimu Alice hakuisoma kwanza. Aliigeuza, akaishika juani, akapitisha kidole nyuma yake.

— Huyu ameandika karatasi ikiwa juu ya kitu laini, alisema. Kalamu imetoboa hapa na hapa. Godoro, labda. Na mstari huu ameufuta mara tatu kabla ya kuuacha. Hakuwa na haraka. Herufi zake zinalala upande wa kushoto, mtu wa namna hiyo utamsahau? Mimi nasahihisha madaftari kila siku. Nikiokota karatasi njiani, nitakuambia ni ya mtoto gani.

— Basi tuambie ni ya nani, alisema Onzima.

— Mimi mgeni hapa, nitamjuaje? Alimrudishia Siraji karatasi. Lakini ninyi mna wake nyumbani. Nani kati yenu anaujua mwandiko wa mke wake?

Swali lilikuwa dogo. Aliga aliinua kidole, akakishusha. Alisema mke wake hutuma meseji. Onzima alisema wake huandika vizuri, akaulizwa vizuri vipi, akasema kwa kalamu ya bluu. Kisha hata yeye hakuona faida ya kuendelea.

Siraji alimjua Zuhurah, mke wake. Alijua bega lake, kiuno chake, urefu wa mkono wake, vipimo ambavyo havikuhitaji futi ya kupimia. Alijua hatua zake uani, na kikohozi chake cha msimu wa kiangazi. Miaka ishirini na tatu. Alitafuta kichwani mahali popote alipomwona ameshika kalamu, hakupaona. Akaanza kuhesabu lugha za mkewe bila kutaka. Kikakwa na mama yake. Kinubi nyumbani. Kilugbara sokoni. Kiswahili na wageni. Akasimama kwenye ya nne, akatoa simu.

— Wewe, alisema Siraji mkewe alipopokea, kisha akajisahihisha. Zuhurah.

— Kuna nini? Umeanguka?

— Hapana. Nauliza tu. Unaandikaga?

— Kuandika nini?

— Kitu chochote.

Ilisikika sufuria ikiwekwa chini. Kijiwe kizima kilikuwa kimemwegemea Siraji, na Mindra alikuwa ameacha kupepea.

— Leo ndiyo unauliza, Baba Faridah.

Siraji aliipangusa karatasi gotini, ingawa haikuwa na vumbi.

— Koti lako si mimi hulining'iniza? alisema Zuhurah. Hiyo karatasi nimeiona mfukoni tangu Jumatatu. Nimengoja uniambie, hukuniambia. Utasoma ama utarudisha?

— Nitasoma.

— Mbele ya kaka zangu?

— Mbele yao wote.

Zuhurah alisikika akiirudisha sufuria jikoni.

— Basi soma polepole, alisema. Mimi niliandika polepole.